Siku Ile Hakukuwa na Jua

Mwanangu Naliaka,

Ningeanza kwa kukuuliza hujambo, lakini uko chumba cha pili na nakusikia ukipigana na zipu ya begi. Mtu anayepigana hivyo ni mzima. Baada ya salamu hufuata dhumuni la barua, na hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu karatasi ya kwanza nimekwisha kuikunja na kuitupa. Nilitaka kukuambia maneno machache kabla hujaondoka kesho kwenda kufundisha Kitui, na kalamu ilipogusa karatasi ikaandika yenyewe, "Kulipambazuka shwari." Baba yako mzima, mwalimu wa Kiswahili tangu ana nywele, hawezi kumwandikia mtoto wake bila kwanza kumwamsha jogoo.

Sitakuambia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala za kujihadhari na watu usiowajua. Shangazi yako amekuambia hayo yote, tena kwa sauti iliyofika hadi soko la Gikomba. Ninachotaka kukuambia ni cha darasani, na kikishaanza kitatoka darasani kije humu nyumbani. Nivumilie. Ukiona nimeanza kupamba, ruka mstari.

Wiki jana nilikuwa hapa nje dirishani nikinyoa ndevu, nawe ulikuwa ndani umewakusanya watoto wa majirani ujaribie somo lako. Nilikusikia ukiwaambia wasimame wima, mikono nyuma. Nilifurahi, nikajisemea kwamba mwalimu amezaa mwalimu. Kisha nikasikia sauti zao, zote kwa pamoja: "Kulipambazuka shwari, majogoo wakashindana kuwika, na jua likachungulia upande wa mashariki mithili ya bi harusi dirishani." Wembe ukanikata. Walipoondoka nikaingia na taulo kidevuni.

"Naliaka, hiyo usiende nayo."

"Ipi, Baba?"

"Mlango."

Ulicheka, ukidhani nakutania. "Baba, hiyo ndio ilinipeleka chuo. Wale watoto hawana kitu na mtihani unawangoja. Unataka niwaendee mikono mitupu?"

Nilienda kuosha damu. Lakini swali lako limekaa nami tangu siku hiyo, na jibu lake ni refu, ndiyo maana sikuweza kukupa nikiwa nimesimama na taulo.

Mlango unaujua kuliko unavyoijua Baba Yetu, ila hujui ulikotoka. Ngoja nikuambie. Nilipoajiriwa nilipewa darasa lililojaa hadi mlangoni, watoto wa hapa Shauri Moyo na wengine waliopanda kutoka Mathare kwa miguu. Nje ya darasa hawakuishiwa maneno. Wakati wa mapumziko ungewasikia wakisimulia vile polisi walikimbiza mtu juu ya mabati, na ungesahau chai yako. Nikiwaambia waandike insha, wananyamaza kama waliofiwa. Sheng yao ya mtaani niliikataza, na Kiswahili cha vitabu hawakuwa nacho. Wapo walioniletea karatasi yenye jina na tarehe tu. Niliwahurumia, mwanangu. Naomba uliamini hilo, kwa sababu mengine yote yalitokana na huruma hiyo.

Basi nikawajengea nyumba. Mwanzo wa insha niliuita Mlango, ndio huo wa majogoo na bi harusi. Katikati kulikuwa na madirisha, yaani methali, kila aya na yake. Mwishoni kulikuwa na Paa, funzo la kufungia. Safu ya kwanza ilisema Mlango, ya pili ikaleta dirisha, ya mwisho ikaezeka. Tulifanya hivyo kila asubuhi mpaka vioo vikatetemeka. Swali likija, liwe la harusi, la mkasa wa moto, la siku ya michezo, mtoto anaingia kwa mlango uleule. Na ilifanya kazi! Waliokuwa wakiandika jina na tarehe wakaanza kujaza kurasa mbili. Wazazi wenye uwezo wakawa wananiletea watoto kutoka mtaa wa Fedha, Jumamosi kwa Jumamosi. Huko Gikomba hakuna aliyejua jina langu halisi. Nikipita, vijana wa mitumba wanapaza sauti, "Mlango! Niaje, Mlango!" nami nainua mkono kama mbunge.

Katika miaka hiyo nilikuwa na mwanafunzi anaitwa Brian, wa kutoka Mathare. Alikaa karibu na dirisha na alikuwa na tabia ya kuuliza. Wewe ulikuwa bado mdogo. Siku moja nilitoa insha ya ajali, na Brian akainua mkono.

"Mwalimu, na kama hiyo siku kulikuwa kunanyesha?"

"Weka jua," nikamwambia.

"Lakini kulikuwa kunanyesha."

"Brian, mtahini hakuwako. Weka jua."

Darasa likacheka, naye akacheka kidogo, akainama, akaweka jua. Nilimpa alama nzuri.

Halafu mtaala mpya ulipokuja tuliitwa semina. Tulikaa kwenye hoteli yenye vitambaa vyeupe mezani, tukaambiwa kwamba siku hizi mtoto lazima afundishwe ubunifu na uwazaji kina. Tukakubali kwa vichwa, tukala kuku. Niliporudi darasani niliandika ubaoni, "Ubunifu ni uwezo wa kuunda jambo jipya." Watoto wakanakili. Siku iliyofuata niliwaambia mmoja mmoja wanisomee kwa moyo, na aliyebadilisha hata neno moja nikamsimamisha. Unaweza kucheka. Mimi mwenyewe nilichelewa sana kucheka, maana sikuona kasoro yoyote.

Sasa nikuambie ya mwezi uliopita, ambayo nilikuficha. Uliponiuliza kwa nini nimerudi kutoka matangani nikalala bila kula, nilikuambia ni tumbo.

Ilikuwa ibada ya mdogo wake Brian. Mvua zile za usiku zilipofurika bonde la Mathare, mto uliingia nyumbani kwao ukamchukua yule mtoto. Jeneza lilikuwa limewekwa chini ya hema kabla ya kusafirishwa kwao magharibi. Nilikaa mstari wa pili kwa sababu mwalimu huwa hakosi kiti. Nyuma yangu kulikuwa na vijana wengi wa rika la Brian, na wote niliwajua kwa sura: mafundi, wauzaji wa viatu, mmoja wa bodaboda bado amevaa jaketi. Wote walipita darasani kwangu. Mchungaji akamwita Brian aseme neno la familia.

Alishika maikrofoni kwa mikono miwili. Alitazama jeneza, akatazama watu, akavuta pumzi. Kisha akasema, "Kulipambazuka shwari."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea, "Majogoo wakashindana kuwika," na nyuma yangu, Naliaka, wale vijana wakaitikia. Hawakukusudia mzaha. Walikuwa wameinamisha vichwa, na sauti zao zilitoka chini chini, pamoja, jinsi watu wanavyoitikia sala. "Na jua likachungulia upande wa mashariki." Wanaume wazima. Mtoto aliyekufa usiku wa manane katika mvua alikuwa pale mbele, na watu wazima niliowafundisha mimi walikuwa wakimsomea habari za bi harusi.

Brian hakuumaliza mstari. Akatazama mstari wa pili, akanipata.

"Mwalimu," akasema, na ile maikrofoni ikapeleka neno hilo mpaka barabarani. "Si hivyo ndio ilikuwa. Kulikuwa kunanyesha."

Watu wakageuka kunitazama.

"Kulikuwa giza na kunanyesha," akasema tena. "Lakini sijui vile ingine inaanza."

Mchungaji akasogea kumchukua, Brian akamzuia kwa mkono. Midomo yake ilikuwa ikitafuta kitu. Hatimaye akasema, si kwa Kiswahili changu bali kwa chake, "Nilikuwa nimemshika sweta. Maji ikamvuta. Nikabaki na sweta."

Akarudisha maikrofoni akaenda kukaa. Mama yake alipiga ukemi ambao bado nausikia nikiwa peke yangu hapa. Nilipotaka kwenda kumpa Brian mkono, alikuwa amezungukwa, na kwa kweli niliogopa. Niliondoka kwa nyuma ya hema. Tangu siku hiyo sauti zile za kuitikia hunijia wakati wowote, nikiwa napanga foleni ya maji, nikiwa nasahihisha. Nimefundisha watu wengi mno. Wako kila mtaa wa Eastlands, na kila mmoja wao ana msiba unaomngoja mahali fulani, na siku atakapotakiwa kufungua kinywa nitatoka mimi na majogoo wangu.

Niliporudi nyumbani nilitaka kujijaribu. Nililala kitandani nikajiambia, haya, kumbuka siku Mama Naliaka alipokufa. Nikaikumbuka. Nikaliona jua likipiga juu ya mabati ya nyumba za pili, anga safi, ndege kwenye waya. Nikamwona mama yako amelalia mto, nuru usoni.

Hakukuwa na jua, Naliaka. Ilikuwa mwezi wa saba. Baridi ilikuwa inakata na manyunyu hayakukatika tangu asubuhi. Nalijua hilo kwa sababu viatu vyako vililoa ulipokimbia kuita majirani, na jioni nikaviweka kando ya jiko vikauke, nikakiunguza kimoja. Kiatu nakumbuka. Lakini nikifumba macho nione ile siku, jua linatoka. Nimejaribu kulifukuza mwezi mzima. Nililolipanda katika vichwa vya watoto wa watu limeota ndani ya changu pia, likamfunika mke wangu, na sasa sijui ni kipi katika ninavyovikumbuka kilikuwa yeye.

Hapa ndipo tunaposhuka kutoka shuleni kuja nyumbani.

Wewe ndiye uliyekuwa naye. Mimi nilikuwa kwenye masomo ya Jumamosi, mbele ya watoto wa Fedha. Ulikuwa na umri wa kuruka kamba. Nilipofika nyumba ilikuwa imejaa kina mama, nawe ulikuwa umekaa ukingoni mwa kitanda umeshikilia kikombe kisicho na kitu. Sikukuuliza alisema nini. Nilijiambia nakuhurumia, kwamba mtoto asikumbushwe. Unaona huruma yangu ilivyo na kazi nyingi. Tulienda kuzika, tukarudi, shule zikafunguliwa, ukawa darasani kwangu. Nami nikatoa insha niliyoitoa kila mwaka bila kufikiri: "Siku Nisiyoweza Kuisahau."

Uliandika siku hiyo. Uliingia kwa Mlango, jua likiwa mahali pake. Uliandika kwamba mama alikushika mkono, akatabasamu, akakuambia, "Mwanangu, shika elimu, kwani mtaka cha mvunguni sharti ainame." Kisha akafumba macho kama mshumaa uliozimwa na upepo. Nilikupa thelathini na nane kwa arobaini. Nikakuita mbele, nikalisomea darasa kifo cha mama yako kama mfano wa insha bora, na darasa likapiga makofi. Ulisimama wima, mikono nyuma.

Na nilijua. Hilo ndilo linaloniandama kuliko hema na sauti zote. Mama yako, fundi wa cherehani ambaye alipunguza suruali za nusu ya Gikomba, hakuwahi kutumia methali hata siku moja isipokuwa kwa kuikejeli. Unamkumbuka? Alizungumza Kibukusu na jiko, Sheng na wateja, na mimi alinisemesha kwa macho. Mimi nikileta methali mezani yeye anashika kiuno. "Ati mtaka cha mvunguni? Mvunguni kuna nini, Baba Naliaka? Kuna panya." Aliniambia mara moja, akiuma uzi, "Nyinyi walimu mnaongea ni kama kuna mtu anawaandikia." Mwanamke huyo hangekufa na methali mdomoni. Nilipousoma ule mstari nilijua si wake, ni wangu, nilikuwa nimeufundisha: anayekufa katika insha lazima atoe wosia, na wosia lazima uwe na dirisha. Nilitakiwa nikufuate uani nikuulize, "Mama alisema nini?" Nikaandika "Hongera" na kupiga mstari chini yake.

Miaka yote hii mimi na wewe tumemzungumzia mama kwa maneno ya insha. "Marehemu mama alikuwa nguzo." "Mama alitupenda kwa dhati." Tunasema hivyo wageni wakija, wanakubali kwa vichwa, na tunapitisha chai. Nguzo! Alikuwa mfupi, mwenye hasira za karibu na kicheko cha kukoroma, na alikuwa akitunyima sukari ili tuzeeke tukiwa na meno. Mimi na wewe hatujawahi kusema hata hilo.

Basi baada ya matanga nilijaribu kitu shuleni. Nakuambia kwa sababu uliniuliza kama nataka uende mikono mitupu. Niliingia gredi ya sita nikawaambia, leo hakuna Mlango. Niandikieni vile mliamka leo. Walinitazama kana kwamba nimewaambia wavue viatu waruke nje.

"Tuandike ya ukweli, mwalimu?"

"Ya ukweli."

"Ya ukweli ukweli?"

"Ndiyo."

"Na tukikosa?"

Unawezaje kukosa vile uliamka? Lakini mimi ndiye niliyemfundisha kwamba kunawezekana kukosa. Kipindi kikaisha, karibu wote wameandika jina na tarehe. Nilirudi palepale nilipoanzia ujana wangu, karatasi tupu zilezile, na safari hii nilijikaza nisiwape kitu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kufundisha. Siku ya pili nikawauliza kwa mdomo, mmoja mmoja. Ulisikia nini kwanza? Halafu? Ulijuaje ni yeye? Kisha nikanyamaza. Kunyamaza ndiko nilikoshindwa nako mara nyingi, kwa maana mwalimu ukiuliza swali na mtoto akakawia, ulimi unawasha kumjibia. Siku ya tatu msichana mmoja wa nyuma, ambaye nilikuwa nimemwekea alama ya "hajiwezi" akilini mwangu, akaniletea mistari minne. Wa kwanza ulisema, "Niliamshwa na jirani yetu, huwa anapiga mswaki kwa hasira."

Nilikaa na mstari huo mchana kutwa. Niliusikia ukuta wa mabati, nikasikia huyo bwana, nikajua hata kazini kwake kukoje. Mtoto hakuwa na methali wala mithili. Alikuwa amesikiliza, kisha akafikiri juu ya alichosikia. Nikafikiri kumbe hicho ndicho walichokuwa wakitutafutia jina kule semina.

Nisikudanganye, si mambo matamu. Mzazi mmoja alikuja akiwa amefura kwa sababu mwanawe aliandika kwamba baba hulala na viatu. "Mwalimu, unafundisha mtoto atoe siri za nyumba yangu?" Ukimfungulia mtoto aseme alichoona, ataona na usichotaka, na itabidi uwe mtu wa kukipokea bila kukimbilia kalamu. Wengine wataandika mambo ambayo utatakiwa kutoka nayo darasani uende kuyashughulikia. Mwalimu mkuu naye ameniita. Mtihani wa majaribio umeshuka, na ameniuliza kwa upole kama nimechoka. Sina cha kumwonyesha isipokuwa bwana wa mswaki. Kwa hiyo uliponiambia kwamba Mlango ndio uliokupeleka chuo, ulisema kweli, na sitasimama hapa kukubishia. Ulikupeleka. Mimi nakuonyesha tu pesa uliyolipia tiketi, na nani aliyeitoa mfukoni mwako bila kukuambia.

Tena Kitui kunanitia hofu zaidi. Kule kuna majogoo wa kweli na jua la kweli, tena kali. Mlango utaonekana umekaa vizuri, na watoto wale wanaoongea Kikamba nyumbani watakushukuru, kama wangu walivyonishukuru. Hakuna atakayekuonya. Kama mtoto wako amemsikia jogoo kweli, na amwandike, lakini akuambie pia jogoo ni wa nani na yule jirani alisemaje. Anayekuuliza "na kama kulikuwa kunanyesha?" mpe kiti cha mbele. Mimi nilikuwa naye, nikaacha achekwe.

Ningeweza kukukataza, nawe ni mtoto mwenye adabu, ungeitikia. Halafu siku ya kwanza, utakaposimama mbele ya nyuso zile zote na mate yamekukauka, kinywa kitafunguka chenyewe. Kama ungekuwa umeubeba Mlango begini ningeuiba nikauchoma. Uko mahali ambapo mkono wangu haufiki, na niliuweka mimi.

Kwa hiyo nimeona kitu kimoja tu kinachoweza kusaidia, nacho nakihitaji mimi kuliko wewe. Nataka uniambie mama alisema nini. Ukishaweza kulisema hilo moja vile lilivyokuwa, naamini hutaweza tena kumwambia mtoto aweke jua. Na mimi nitakuwa nimempata mke wangu, hata kama ni kwa neno moja. Naogopa kuuliza. Naogopa kwamba pengine nimechelewa, kwamba uliandika ile insha ukiwa mdogo mno, tukaipigia makofi kwa nguvu mno, na sasa ukimtafuta mama unamkuta na methali mdomoni kama mimi ninavyomkuta na nuru usoni. Ikiwa ndivyo, niambie ndivyo. Kama alilia, niambie. Kama aliomba maji, kama alinitukana, kama hakusema kitu na wewe ulikuwa umetoka kujaza kikombe, niambie hivyohivyo, kwa Sheng, kwa Kibukusu, kwa sentensi isiyo na kichwa wala miguu. Chukua muda wako. Sitakupigia simu kukuharakisha.

Na kwa kuwa si haki kumwomba mtu kitu ambacho wewe hujatoa, nimekaa hapa nikitafuta changu. Asubuhi ile, kabla ya masomo ya Jumamosi, nilikuwa nimesimama mlangoni nimevaa koti. Wewe ulikuwa bado umelala. Mama yako aliinua kichwa, akasema, "Baba Naliaka, leo usiende. Kaa tu." Nikamwambia watoto wananingoja. Akasema, "Sawa."

Nikaenda.

Baba yako